Kamba ya Kitangari

Bwana shamba alituandikia kumi na mbili kwa kumi na mbili.
Tukapima ulalo, mimi na Shangazi Somoe:
fundo la kumi na sita halijafika kigingi,
la kumi na saba limekipita
kwa vidole viwili.
Nikaligawa pengo nusu, robo, thumuni ya thumuni,
kamba ikabaki nyuzi mkononi
na kigingi bado kimekaa baina ya namba.

"Hii kangomba," akasema Shangazi.
"Bakuli lina tako la pili. Ng'oa."

Tisa kwa kumi na mbili, basi.
Ulalo: kumi na tano kamili,
fundo limekaa juu ya kigingi kama kofia.
Katikati tukasimika cha tano,
saba na nusu kwenda kila pembe.
Shangazi akaketi palepale mchangani
akamenya muhogo wake.

Usiku, nyuma ya stakabadhi ya chama cha msingi
(daraja la pili, malipo bado),
nikazungusha duara lipitie zile pembe nne.
Juu ya mzingo ule
naweza kuongeza mche, na mche, na mche,
elfu, hata matawi yasuguane,
na umbali wa kila mmoja kwa kila mwenzake
ukaandikika: juu kitu, chini kitu,
kama madeni ya ndugu wanaoaminiana.

Lakini mzingo si shamba.
Ndani yake kuna mkorosho usiopandwa na mtu,
korosho iliyodondoka tu, ikaota.
Niliupimia kamba kwenye pembe zote.
Kwa ya kwanza ulikubali.
Kwa ya pili ulisitasita.
Kwa ya tatu na ya nne, tarakimu zisizo na mkia.

Je, uwanda mzima, toka hapa hadi genge la Newala,
waweza kunyunyiziwa nukta
hata popote utiapo mguu iwepo moja karibu,
na zote zidaiane kwa sehemu halali?
Hakuna ajuaye.
Waliosoma hadi wakachakaa wanabisha kuwa haiwezekani,
na kubisha si kuthibitisha.

Asubuhi nikaenda na karatasi yangu, na panga.
Shangazi alikuwa ameshafungia mbuzi kwenye mkorosho ule,
kwa kamba yetu, mafundo na yote.

Kufika adhuhuri
mbuzi alikuwa amekula duara.