Redio ya Mzee Buunda

Aliniletea imefungwa kwa kitambaa cha meza,
kama mtoto mwenye homa.
"Hangi, inakoroma tu. Ifanye iseme."

Hapa Birere tunaketi juu ya moto uliolala:
kiti changu jiwe, ukuta wangu jiwe,
hata vumbi ninalofuta kwenye waya ni jiwe lililochoka.
Snel imekata. Nikafunga betri nne kwa mpira wa baiskeli,
nikayeyusha risasi
(hii ya kuungia, siyo ile),
nikapuliza. Spika ikakohoa,
kisha ikatoa mtu.

Rais mstaafu wa Amerika, ikasema,
mzee wa miaka themanini na ushei,
amesimama ugenini anailaumu serikali ya kwao.
Wapalestina walipiga kura.
Walioshinda wakafungiwa bomba,
walioshindwa wakafunguliwa mfuko,
na sasa bendera ya kijani ina Gaza yake,
ya njano ina Ramallah yake,
wenye kaka zao ng'ambo wanapiga simu hazishikwi.

Nikaweka chini bisibisi.
Kura naijua: mwaka jana tu kidole changu
kilikaa na wino wiki nzima, sikutaka kukiosha.
Ramallah siijui, sijui iko upande gani wa ziwa gani.
Lakini mtoto anayekatiwa nyama mezani
na mwenzake anayetupiwa mfupa mlangoni,
hao nawajua.
Nawajua kwa majina.

Mapendano na Kibira, tumbo moja,
walilala mkeka mmoja kule Masisi,
wakakua, kila mmoja akapata kilima na vijana wa kukilinda.
Zikaja jeep nyeupe. Mkutano. Hoteli yenye bustani hadi majini.
Mapendano akaitwa ndani: Fanta, posho, bahasha,
jina lake likapigwa taipu kwenye karatasi ya amani.
Kibira akaambiwa angoje getini.
Mvua ilinyesha. Alingoja.
Amani ile ilidumu siku tisa,
na siku ya kumi mama yao hakuwa na wa kumtuma
kumtafuta mwingine.

Aliyeshika kalamu ya orodha
alikuwa msimamizi wa teritware,
suti ya kaki, kofia:
Mzee Buunda.

Alirudi saa kumi kuchukua redio yake.
Habari ikasomwa tena, akaisikiliza amesimama,
fimbo kifuani.
"Huyo mzee ana moyo," akasema.
Halafu, kama anayetaja mechi iliyopotea zamani:
"Hata sisi, Hangi. Ile orodha. Tulikosea."

Niliwaza: kiti cha ofisi kina gundi,
na gundi yake haishiki makalio, inashika ulimi.
Niliwaza: mvua ya baada ya maharagwe kukauka
inamwoshea nani nini?
Nikawaza pia, na hili lilinikera,
kwamba wengi wanastaafu na ndimi zao,
wananunua ng'ombe, wanajenga ghorofa, wananyamaza mpaka kaburi.
Huyu wa mbali angeweza kunyamaza.
Huyu wa karibu naye angeweza
kuchukua redio na kwenda.

Sikumpa hata moja ya haya.
Nilimwambia: "Ni franka elfu moja mia tano."
Akahesabu, noti zimelowa jasho.
Nikamwambia: "Mama yao yuko Ndosho,
nyuma ya tangi la bluu, anauza makala kwa kopo.
Kwa miguu ni saa moja. Huniambii mimi, mzee.
Mimi nafundi redio."

Akaifunga tena kwenye kitambaa, polepole,
redio bado inasema ndani ya kitambaa,
sauti ndogo, ya mtu aliyefunikwa blanketi.
Kwenye njia panda, kulia ni kwake,
kushoto ni Ndosho.

Sikutazama.
Risasi ilikuwa inapoa,
na msichana mmoja alishaketi kwenye jiwe la wateja
na simu iliyoangukia maji.