Sekunde Arobaini na Tano

Ghorofa ya pili, nyuma ya mnara wa saa, Moshi.
Mlinzi kachukua simu, saa, hata pini ya nywele,
akalinganisha uso wangu na ule wa kwenye pasi:
pale ni Aikaruwa, kwenye fomu Aikarua,
herufi moja tu, ikatugharimu kiapo kwa wakili
na safari tatu.

Chuo kiliandika kwa upole:
tumefurahia alama zako za kemia,
sasa thibitisha kuwa unajua Kiingereza.

Nithibitishe.
Mimi niliyevishwa kibao shingoni, kidato cha kwanza,
kwa kuwa nyigu aliponiuma nililia "mama!"
badala ya kulia kwa lugha ya shule.
Nilikivaa hadi saa tisa, nikinyemelea wenzangu
nimnase mmoja, nimkabidhi.
Nilimnasa Ndeshukurwa. Alikuwa anaomba maji.

Barua ya mkuu wa shule, muhuri wa zambarau,
ilieleza: miaka sita kasomeshwa kwa Kiingereza.
Wakajibu: nchi yako haimo kwenye orodha.

Basi, ada. Mama alihesabu mikungu ya mchare
ya kupeleka Kiborloni, vidole vikaisha,
akaanza kuhesabu mbuzi.
Na cheti chenyewe hufa baada ya miaka miwili,
kama vile ulimi ni maziwa.

Sasa sauti ya mwanamke asiyepumua
inaniambia masikioni: elezea mahali unapopenda kwenda.
Sekunde kumi na tano za kujiandaa,
arobaini na tano za kusema.

Wa kulia kwangu anapenda maktaba.
Wa kushoto anapenda maktaba.
Mwalimu wa tuisheni alituasa: semeni maktaba,
maktaba haina maneno magumu.

Mimi nikauona mfongo.
Zamu yetu, Jumatano alfajiri, huko Uru,
maji yakishuka baridi kati ya migomba,
baba akizibua tope kwa jembe,
akiyaita kama anaita ng'ombe.

Mfongo kwa Kiingereza ni nini?
Mfereji? Mfereji ni wa mjini, una mifuko na vizibo.
Mfongo una zamu,
una faini ya mbege kwa anayeiba maji usiku,
una ugomvi wa tangu kabla sijazaliwa.
Thelathini na moja. Thelathini. Ishirini na tisa.

Nikasema mfongo. Hivyo hivyo.
Kisha, kwa lugha yao: kuna maji,
na Jumatano ni yetu.
Zilizobaki nilizinyamazia.
Mashine ikazirekodi zote, pamoja na pumzi yangu.

Mama alikuwa chini, kakalia ndoo aliyoigeuza.
"Wamekuuliza nini?"
"Mahali ninapopenda."
"Ukawaambia?"
"Mfongo."
Akacheka mpaka akashika kiuno.
"Na wameelewa?"
"Tusubiri siku kumi."

Akainua macho kwenye lile dirisha la juu,
akalipungia mkono,
kana kwamba kuna mtu.