Dakika ya Hamsini na Mbili

Diski ilinunuliwa River Road, shilingi hamsini,
jalada limefifia hata pimbi mwenyewe
alionekana kama andazi.
Baba aliileta Jericho Jumapili asubuhi
pamoja na mfuko wa biskuti zilizovunjika,
haki ya bawabu wa kiwanda kule Lunga Lunga
baada ya usiku sita wa kulinda zile nzima.

Tindi ni pimbi asiye na mkia, kama pimbi wote.
Siku mikia ilipogawiwa mvua ilinyesha,
ukoo wake ukaagizia kwa wengine, ukasahauliwa.
Hayo bibi aliyajua kabla ya kompyuta.
Lakini huyu Tindi anatoka. Anapanda jabali
peke yake, usiku, kumtafutia mama yake mkia.

Na manyoya! Mvua inamwagika, kila unywele
unalowa kwa zamu yake, unang'aa, unalala ubavuni.
Baba aliinamia runinga hadi pua ikaigusa:
"Nani alikaa akahesabu haya?"
Yeye aliyewaona pimbi wa kweli huko Taita
wakiota jua juu ya mawe, alikubali:
"Huyu ni pimbi kuliko pimbi."

Dakika ya hamsini na mbili, mkia umepatikana,
Tindi yuko katikati ya daraja la kamba,
picha ikavunjika miraba, ya zambarau, ya kijani,
mdomo ukabaki wazi, sauti ikakwaruza,
halafu ghafla yuko nyumbani, mikono mitupu,
sikio limechanika, na mama yake anacheka huku analia.

Tulipangusa kwa shati, kwa mate, kwa dawa ya meno.
Diski ilikataa. Hapo Baba akasimama
mbele ya runinga, akakohoa, akaghani:

    Pimbi kapewa mkia, kauvaa akacheka,
    Njiani akasikia, mjusi anateseka:
    "Mlangoni naingia, mkia ukakatika."
    Pimbi akamvulia, kwao tupu akafika.

Jumapili iliyofuata, hadithi nyingine:
bawabu wa ghala la mikia alikuwa amesinzia,
baridi inamtafuna, na Tindi
akarudi kumfunika miguu kwa ule mkia.
Nyingine, aliubadilisha kwa unga kilo mbili.
Mghoi alipenda ya unga. Mimi, ya bawabu.

Kuna asubuhi Baba alirudi kutoka zamu
sikio limeshonwa nyuzi saba, hana koti, hana biskuti.
Hatukuuliza. Mghoi aliwasha runinga.
Tulipofika darajani Baba hakusimama.
Tuliiacha miraba ipite,
tukamwangalia Tindi akiingia nyumbani.

Mwezi jana nimeipata nzima, kwenye simu,
hapa Pipeline, ghorofa ya sita, maji hakuna,
Mkawasi ameweka miguu juu ya tumbo langu.
Dakika nne nilizozisubiri miaka ishirini na moja:
kamba inakatika, mkia unaanguka mtoni,
mwiba unachana sikio. Basi.
Imechorwa vizuri mno; maji yale ungeyanywa.

Nikampigia Baba, yuko Wundanyi na kabichi zake.
Alisikiliza hadi mwisho.
"Na bawabu? Hayumo? Hata kwa mbali?"
Hayumo, Baba.
"Basi hao hawakuangalia vizuri," akasema,
akarudi kwenye kabichi.

Bado naipenda. Naipenda na daraja lake jipya,
kama mtu anavyompenda ndugu aliyerudi
na meno yote mdomoni.
Lakini jana, tulipofika pale,
Mkawasi aligusa kioo kwa kidole, picha ikaganda:
Tindi mdomo wazi, mvua imening'inia hewani,
kila tone na kivuli chake.

"Sasa," akasema, "yule aliyesinzia.
Alikuwa na watoto?"