Namba Kubwa ya Nini

Duka la Kutaisi, rafu ya tatu.
Nanuli anasoma vifurushi kwa miwani ya marehemu mumewe:
elfu mbili, elfu mbili na mia tano.
"Chukua ya namba kubwa," asema muuzaji.
"Kubwa ya nini, kama ikilala inavuja nguvu?"

Kipimo cha presha hula betri mbili kwa mwezi,
tochi ya ghala la mvinyo mbili,
redio, usiniulize.

Chaja ya bei chee aliwahi kuinunua:
ilichemka hadi kitambaa cha meza kikaungua.
Leo ataka ya taa nne,
kila betri na taa yake,
ijulikane nani ameshiba na nani anajifanya.

Nyumbani mjukuu, Vazha, amshika mkono:
"Bibi, usizichanganye na zile kuukuu."

"Najua.
Nimekaa nyumba moja na mama mkwe."