Usilizime Lingali Moto

Fundi Aminiel wa Pasua ameishika tabo kiganjani
kama mtu aliyeokota konokono mfu.
"Tazama shafti. Oili imeungua ikawa mkaa.
Ulipanda Kibosho na magunia kumi na mawili ya pumba,
ukafika, ukachomoa ufunguo papo hapo. Siyo?"

Ndiyo. Kila siku. Miaka mitatu.
Na miaka mitatu halikuniacha njiani hata mara moja.
Kule juu hewa inakokonda,
wenzake wakikohoa kwenye kona,
lenyewe lilijisukumia pumzi, likapiga mluzi, likapita.
Nikasema, hili ndilo gari.

La baba liko nje.
Ndilo lililolivuta hadi hapa, kwa kamba ya katani.
Linavuta hewa kwa mapafu yake tu;
mlimani ng'ombe wanatupita.
Lilituacha Mto Karanga, lilituacha Kiboriloni siku ya kipaimara,
lilimwacha bibi harusi na shela yake kando ya mfereji.
Waya kidogo, kipande cha sabuni, maji, linawaka.
Huu mwaka wake wa thelathini na moja.
Mita ya kilometa iliacha kuhesabu
kabla mimi sijaanza.

"Kutegemeka ni kitu kimoja," anasema fundi,
akijifuta kwa tambara jeusi kuliko mikono yake,
"kudumu ni kingine. Wateja wangu wanavichanganya
kama wanavyochanganya oili."

Nikamkumbuka Ndesario, kaka yetu.
Ada, dawa za mama, bati za kanisa:
ukikata simu, pesa imeshaingia.
Hakuwahi kusema kesho.
Miaka arobaini na miwili, jioni moja,
ngazini kwake, Arusha.
Hakuna aliyewahi kumwambia
kaa kwanza, dakika mbili,
bado unahema.

Tabo mpya ni bei ya mitamba miwili.
Nimeiandika nyuma ya risiti.
"Na likishapona?"
"Ukifika, liache lingurume kidogo.
Shuka, salimia watu, uliza habari za ndama,
ndipo urudi ulizime."

Nimerudi nyumbani na la baba.
Limezimika mara mbili,
mara ya pili pale pale, mfereji wa harusi.
Nikafungua boneti, mvuke ukatoka.
Nikakaa kwenye jiwe nikasubiri lipoe.
Simu iliita mfukoni.
Nikaiacha iite.