Mafiga ya Kalenga

Nilikuja na viatu vya mjini,
Juni, baridi ya Iringa imenishika masikio
kama mwalimu wa darasa la tatu.
Kijana wa bodaboda akazima pikipiki: "Ndo hapa."
Hapa wapi? Mabua ya mahindi, mbuzi mmoja,
na ubao ambao mvua imekula
herufi zake za mwanzo.

Niliahidiwa mji wa kifalme.
Kichwani nilikwisha jenga malango, nguzo, walinzi.
Lukelo Mhapa akafungua kitabu cha wageni,
akapuliza vumbi, akaniuliza jina, kazi,
na kama nimekula.
Kisha akanikatia stakabadhi:
Mtu mzima, mmoja.
Juu ya jina langu, mgeni wa tarehe tatu.
Tangu hapo, mstari mtupu.

"Ukuta ulitoka pale," akasema, "ukaja hivi,
ukakata kule, ukarudi."
Mkono wake ulitembea hewani taratibu,
nami nikaufuata
kama mtoto anayesoma kwa kidole.
Mizinga hakuitaja. Alikitupia jicho kilima cha ng'ambo,
akakohoa,
akafunga kitabu.

Mama Kihwele alikuwa aking'oa maharage ndani ya ikulu.
Kamwene, nikasema.
Kamwene, akajibu, bila kunyoosha mgongo.
"Jembe likigonga hapa tunajua tumefika kwao.
Tunasogea hatua mbili, tunalima."
Akanipeleka jikoni. Uji ulikuwa ukitokota
juu ya mafiga matatu, moshi umeyafanya ndugu.
"Mawili ya mtoni. Hili hapa
bibi alilitoa ukutani, chungu chake kilikuwa kinayumba.
Usiandike."

Nimeandika. Anisamehe.
Na uji niliunywa, nikaongezwa.

Adhuhuri Idirisa akatua gunia la viazi,
akanawa, akaadhini bila kipaza sauti.
Msikiti una mabati kumi na manne, niliyahesabu.
Mlangoni kandambili jozi tano
na buti la mvua moja.
La pili sikuliona, na mwenyewe sikumwona akitoka.
Sauti ilishuka hadi Ruaha Mdogo,
ikapita juu ya wanawake waliokuwa wakifua,
mmoja akavuta khanga kichwani,
mwingine akaendelea kukamua shuka.
Halafu mji ukanyamaza tena,
namna ya mtu anayejua unamtazama.

Njiani nikahisi kitu kiatuni.
Punje ya ukuta, au kokoto tu ya barabara,
nani ataniambia?
Sikuitoa.
Nilichechemea nayo hadi stendi ya Iringa,
watu wakinipa pole ya mguu,
nami nikiipokea
kwa niaba ya nyumba niliyoikosa.