Kiwanja Namba 312

Ramani niliyopewa ofisini Kalirpat
ilichorwa na watu waliokwisha kufa,
kwa wino mwekundu, juu ya kitambaa kilichotiwa nta.
Inasema: hapa shule. Hapa kisima. Hapa msikiti wa bati.
Nimesimama hapo hapo, maji yananifika kifuani,
na Shofiul, kijana wangu wa kushika mnyororo,
ananiuliza kama tuhesabu na samaki.

Wilaya hii haikai.
Kaskazini mashariki, siku ya mbingu safi,
utaona milima ya nchi ya watu, ya buluu,
imetulia kama wageni wasiotaka kuingia ndani.
Mvua hunyesha huko; sisi ndio wa kuipokea:
matope yao, magogo yao,
mara moja ndama mfu, kengele ingali shingoni.
Julai mto hula ukingo wa magharibi,
Novemba huutapika mashariki,
na aliyelala na shamba akaamka na maji
hana wa kumshitaki.

Watu wa visiwa vya mchanga hawajengi. Wanakunjua.
Nyumba ni mabati kumi na manane, mianzi, kamba.
Torab Ali amehama mara kumi na moja,
huyataja makao yake kama mtu atajavyo watoto:
huyu aliishi miaka minne,
huyu miezi sita,
huyu hata jina hatukuwahi kumpa.
Juti ikishavunwa, wanaume huenda kwenye matanuri ya matofali
kufyatua udongo wa wilaya nyingine,
udongo ambao, angalau, hukaa ulipowekwa.

Achia Bewa (bewa, yaani mjane,
huku jina hilo humfuata mtu hadi kwenye kitambulisho)
alikuja na kopo la maziwa ya unga.
Ndani yake, risiti ishirini na nane,
kodi ya kila mwaka ya kiwanja namba 312,
ambacho miaka yote hiyo kimekuwa mto.
Alilipa kwa mayai ya bata. Alilipa kwa pilipili.
Mwaka mmoja alilipa kwa hereni.
Karani alikuwa akicheka, kisha akastaafu,
akaja karani mwingine, naye akacheka.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema.
Yake ilipotea kwa kishindo, usiku, pamoja na mfenesi;
daftari ndilo lililobaki
likiingojea mali.

Nayo imerudi. Januari hii, ukungu ulipoinuka,
palikuwa na mgongo wa mchanga katikati ya maji,
mweupe, umelowa, bila hata unyayo wa ndege.
Kufikia adhuhuri watu wa Torab Ali walishafika na mbegu za karanga.
Fimbo pia zilikuwepo. Sitaziandika kwenye ripoti.

Sheria inasema miaka thelathini. Amebakiza miwili.
Sheria inasema pia: pima.
Basi nikapima. Mnyororo, kigingi, mnyororo, kigingi,
Shofiul aking'oa vya nyuma kuvipeleka mbele,
maana vigingi vya serikali ni kumi na viwili tu,
kusini hadi pale mchanga unapokuwa maji
na huwezi kuapa ni wapi.
Nikaandika kwa penseli (wino huku ni majivuno):
mchanga mtupu, haufai kwa kilimo.

"Umeandika nini?"
Nikamsomea. Hakujibu.

Nilipogeuka kuhakiki mstari wa kwanza
nilimkuta amepiga magoti kwenye matundu ya vigingi vyangu,
anayapanua kwa kijiko cha wali,
konzi ya samadi, mbegu tatu za boga,
tundu linalofuata.
Wale wa karanga wamesimama, mikono kiunoni.
Lalbanu, mke wa Torab, akausukuma kwa mguu
ule mkapo wake wa samadi kuelekea kwa mjane,
bila kumtazama usoni,
kisha akarudi kwenye mistari yake.

Nikafuta neno moja.
Karatasi ilikuwa na unyevu, ikachubuka.
Nikaiacha hivyo.